Samaki wa Usinge na Meli Zilizozama

Jina la kolekole, katika ndimi za wavuvi wa Unguja na Pemba, hubeba ukoo mzima wa samaki, na ndani ya ukoo huo limo jitu la kilindini ambalo wataalamu wa viumbe vya baharini huliita Seriola. Jitu hilo huweza kukaribia urefu wa mita 2 na kupita uzito wa kilo 70. Hapatikani kila mahali. Hukaa penye mwamba uliosimama peke yake katika maji mengi, au juu ya chombo kilichozama, na hapo huzunguka kwa makundi, vichwa vimeelekea mkondo. Sababu yake inafahamika: mkondo unapogonga kitu kigumu hupanda, ukachukua vijidudu vya majini, vijidudu huvuta simu na dagaa, dagaa huvuta vibua, na kolekole huja kuwala wote waliotangulia. Kwa hiyo mvuvi wa mshipi anayetafuta kolekole hutafuta kwanza mahali. Hulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnara juu ya mnazi, paa juu ya ncha ya rasi, akateremsha chambo pale mistari inapokutana. Alama hizo hurithiwa, na wapo wanaozificha kuliko wanavyoficha fedha.

Bandari ya Unguja ina magofu yake ya chini ya maji. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya adhuhuri, mizinga ya Waingereza iliizamisha meli ya Sultani iitwayo Glasgow mbele ya kasri, na kwa miaka mingi milingoti yake ilisimama juu ya maji kama vijiti vya wando. Tarehe 20 Septemba 1914 ikafuata zamu ya Waingereza wenyewe. Manowari yao Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake ikitengenezwa, alfajiri ilipoingia manowari ya Wajerumani, Königsberg, ikaipiga kwa mbali. Zaidi ya mabaharia 30 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ambacho wageni walikwisha kukiita Kisiwa cha Makaburi. Pegasus ikalala chini, na samaki wakapata mwamba mpya.

Watu wa visiwani wanakijua kisa hicho, angalau nusu yake. Nusu ya pili haisimuliwi sana, kwa kuwa inakwenda bara, mbali na chumvi na kamba za nanga, hadi katika nchi ya mafunjo na kambale. Njia yake inapita katika kituo cha reli kiitwacho Usinge, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, magharibi ya Tabora na magharibi ya Kaliua, ambako mtu anaweza kuishi umri wake wote kwa uvuvi asionje maji ya bahari.

Atakayeifungua ramani ataona Usinge imewekwa pembezoni mwa nchi ya maji. Kusini ya njia ya reli liko Ziwa Sagara, lenye kina kifupi na kingo zisizotulia, na Mto Ugalla humimina maji yake upande huo kabla ya kuungana na Malagarasi. Malagarasi wenyewe una tabia ya ajabu. Huzaliwa katika nchi ya milima mpakani mwa Burundi, karibu kabisa na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kulikimbilia ziwa hulipa mgongo. Hushuka kuelekea kusini na mashariki, ukaingia katika vinamasi vikubwa, ukapokea maji ya Moyowosi na ndugu zake, kisha ndipo unapogeuka magharibi, ukapita Uvinza na kuingia ziwani baada ya safari ipatayo kilomita 475. Ni mzunguko wa mtu aliyetumwa jirani akapitia kwa jamaa zake wote kwanza. Bonde lake ni kubwa kuliko la mto mwingine wowote unaoingia katika ziwa hilo.

Mvua za masika ya bara huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Maji hupanda taratibu, yakatoka mitoni, yakatanda katika mbuga na misitu ya miombo, hata palipokuwa na njia ya miguu pakawa na njia ya mtumbwi. Samaki hutoka na maji hayo. Perege, kambale na wenzao huenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa, ambako vifaranga hupata chakula na maficho. Jua likirudi maji hurudi, na hapo ndipo uvuvi wa nchi hiyo unapoingia katika siku zake za neema. Watu huzuia vijito kwa uzio wa fito na matete, wakaacha mianya, na katika kila mwanya wakatega mgono. Mgeni wa kutoka pwani akiutazama mgono huo atamtambua binamu wa dema: mlango mpana unaosinyaa kwa ndani, wenye vijiti vilivyoelekezwa ili aliyeingia asijue kutoka. Na uzio wenyewe ni jamaa wa wando wa Pemba, ila wando husubiri kujaa na kupwa kwa maji mara mbili kwa siku, na uzio wa Malagarasi husubiri kupwa kumoja kwa mwaka mzima. Ukikosea kuutega, hasara yako itangoja hadi mwaka wa pili.

Wapo samaki ambao hata kupwa hakuwatishi. Kambale huvumilia matope yenye hewa chache kwa kuwa huweza kupumua juu ya maji. Kamongo humzidi, kinamasi kinapokauka yeye hujichimbia katika tope, akajizungushia utando, akalala hadi mvua irudi. Perege wa mto huo wana aina yao wenyewe, isiyojulikana katika bonde jingine lolote, nao wamepewa jina la mto katika vitabu vya wataalamu: Oreochromis malagarasi.

Sasa, katika nchi hii ya samaki ndimo ilimopita njia kuu ya misafara kutoka mrima hadi Ujiji. Historia ya njia hiyo imeandikwa kwa pembe. Imehesabiwa frasila kwa frasila, kwa majina ya matajiri wa Unguja na ya watemi waliotoza hongo, na kwa majina ya wazungu waliopita wakiandika. Posho ya mpagazi nayo imeandikwa: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku kilikuwa kipimo cha kawaida. Kisichoandikwa sana ni kitoweo. Lakini Mnyamwezi aliyebeba mzigo wa frasila mbili begani kutoka Bagamoyo, siku baada ya siku, hakuishi kwa ugali mtupu. Na alipofika magharibi ya Tabora, kitoweo kilichokuwa chepesi kubebwa, kisichooza, na chenye kununuliwa kwa shanga chache, kilikuwa samaki mkavu.

Namna ya kumkausha haikuhitaji ufundi wa kigeni. Samaki hupasuliwa, akatolewa matumbo, akatandazwa juu ya kichanja cha fito. Chini huwashwa kuni za miombo, moto mdogo wenye moshi mwingi, ukachungwa usiku na mchana. Akitoka hapo huwa mweusi, mgumu, na harufu yake hutangulia mzigo. Huweza kusafiri wiki nyingi. Na chumvi haikuwa mbali. Uvinza, mahali Ruchugi unapokutana na Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa muda mrefu mno. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipochunguza hapo katika miaka ya 1960 walikuta ushahidi wa kazi hiyo unaorudi nyuma karibu miaka 1,500. Maana yake ni kwamba kabla hakujawa na jahazi la Mmanga linalosubiri pembe Bagamoyo, kabla hakujawa na Mji Mkongwe wenyewe wa mawe, tayari palikuwa na watu wakitembea kwa miguu katika bonde la Malagarasi, mmoja amebeba chumvi, mwingine amebeba samaki. Misafara ya pwani ilikuta njia zimekwisha kukanyagwa. Yapo maandishi mengi yanayosema kwamba wafanya biashara wa Unguja walifungua bara. Bara lilikuwa wazi, na waliolifungua walikuwa na harufu ya moshi na samaki.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka mrima mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, na mwanzoni mwa Februari 1858 wakasimama ukingoni mwa Malagarasi. Burton alikuwa hoi kwa homa na Speke macho yake yalikuwa yamekaribia kuzimika. Waliokuwa na nguvu siku hiyo walikuwa wenye mitumbwi. Mto ulikuwa umefurika, na hapakuwa na njia ya kuuvuka ila kwa vyombo vidogo vya watu wa Mzogera, mtemi wa Uvinza, ambaye mkono wake ulifika kila kivuko. Nguo zilihesabiwa, shanga zikahesabiwa, nyaya za shaba zikahesabiwa, na msafara ukavuka kwa mafungu, mtu mmoja mmoja na mzigo mmoja mmoja. Tarehe 13 Februari wakaliona ziwa, na katika soko la Ujiji wakakuta samaki.

Henry Morton Stanley alipita mwezi wa Novemba 1871, naye akalalamikia bei ya kivuko kwa maneno makali kuliko ya Burton. Alikuwa amezunguka kusini kwa hofu ya Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye mwaka huo alikuwa amewafungia Waarabu wa Tabora njia ya Ujiji. Kisa kilichobakia katika vichwa vya wasomaji wake ni kile cha punda aliyeitwa Simba. Punda huyo aliogeleshwa kwa kamba nyuma ya mtumbwi. Katikati ya mto mamba akamshika shingoni, watu wakavuta kamba upande wao na mamba upande wake, na mamba akashinda. Stanley alisikitika. Lakini wapiga kafi waliomvusha, watu waliokuwa wakiyaingia maji hayo kila siku kutega na kutegua huku mamba huyo huyo akiwatazama, hawakupata katika kitabu chake hata robo ya huzuni aliyopewa punda.

Inafaa kulikumbuka jambo jingine, ingawa linatia uchungu. Si wote waliovuka Malagarasi walivuka kwa hiari. Wengi waliokuja kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivuka wakielekea mashariki wamefungwa pamoja, na posho yao ilitegemea moyo wa mwenye msafara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Katika miaka ya kati njia ya bara iliendelea kuona mengi. Wajukuu wa Wamanyema wako Ujiji, wako Tabora, wako Unguja, na Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Mto ambao babu zao waliuvuka mara moja tu, bila ya kurudi, haukosi nafasi katika nasaba zao hata kama haukutajwa.

Reli ikaja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwanzoni mwa mwaka 1914 ikagusa maji ya Kigoma: jumla ya kilomita 1,252. Katika kipande cha mwisho ilipita Usinge, ikavuka Malagarasi kwa daraja, na kwa siku moja ile kazi ya wenye mitumbwi, ambayo watemi wa Uvinza walikuwa wakila kodi yake kwa vizazi, ikawa ya kupitisha jirani kwa jirani. Upande wa pili, samaki mkavu akapata miguu mipya. Mzigo uliokuwa ukitembea siku kumi na tano hadi Tabora ukaanza kufika kwa usiku mmoja. Vituo vya upande huo, Usinge na Nguruka na Malagarasi, vikawa masoko ya dirishani, treni ikisimama wanawake wakiinua sinia na vikapu juu ya vichwa vyao, abiria wakinyoosha mikono, fedha ikipanda na samaki akipanda, hadi filimbi ilie.

Katika mizigo iliyopita hapo katika siku za mwanzo za reli, mmoja ulikuwa wa aina ya pekee. Kiwandani Papenburg, kaskazini ya Ujerumani, meli ya urefu wa mita 71 ilikuwa imeundwa, ikafumuliwa tena kipande kwa kipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa katika mabehewa, yakaja Kigoma pamoja na mafundi watatu wa kuiunganisha upya. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mtu wa Usinge aliyesimama kando ya reli akivua kofia ya jua aliiona meli kubwa kuliko zote za ziwa ikipita mbele yake msituni, bila ya kujua kwamba anaiona meli. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Na hapa ndipo nusu mbili za kisa zinapoungana. Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus mbele ya Unguja, ilikimbilia katika delta ya Rufiji, ikajificha miongoni mwa mikoko. Waingereza waliizingira kwa miezi, na tarehe 11 Julai 1915, ikiwa imepigwa na haina pa kwenda, Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake 10 waliiopoa mtoni, ikavutwa nchi kavu kwa mikono ya mamia ya Waafrika, ikatengenezewa magurudumu na kugawanywa katika pande za vita. Mmoja katika mizinga hiyo ulipandishwa katika reli ya kati, ukapita Tabora, ukapita Usinge, ukafungwa mbeleni mwa Graf von Götzen. Chuma kilichovunja amani ya bandari ya Unguja alfajiri ya Septemba kilikuwa sasa kinaelea juu ya maji matamu, katikati ya bara. Wakazi wa Mombasa wanaweza kuutazama mzinga wa Pegasus na mmoja wa Königsberg vikiwa majirani nje ya Ngome ya Yesu, mshindi na mshindwa wakila kutu pamoja; ule wa ziwani ulikuwa na safari ndefu zaidi.

Haukukaa. Vita viligeuka. Meli ndogo za Wajerumani zilikwisha kupotea, Kingani ikitekwa Desemba 1915 na Hedwig von Wissmann ikizamishwa Februari 1916, na mkuu wa majeshi yao, Lettow-Vorbeck, akautaka mzinga urudi nchi kavu. Mahali pake pakawekwa mfano wa mti. Mwezi wa Julai 1916 Wabelgiji walipokuwa wakiikaribia Kigoma, mafundi wale wa Papenburg waliamriwa kuizamisha meli yao. Waliifanya kazi hiyo kwa namna ya mtu anayemlaza mtoto: mitambo yote wakaipaka grisi nene, meli wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai wakaishusha polepole katika kina cha mita 20, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Mto ule ule. Maji yaliyotanda Sagara na kuzunguka mafunjo ya Usinge, yaliyobeba mitumbwi ya Mzogera na kummeza punda wa Stanley, yakawa ndiyo yanayopita juu ya sitaha ya Graf von Götzen. Siku mbili baadaye Kigoma ilianguka. Wabelgiji wakaifuata reli kuelekea mashariki, wakapigana Usoke, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora, miaka miwili kasoro siku moja tangu Pegasus kuzama. Katika vita hivyo vyote wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu, upande huu na upande ule, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi walikuwa Wanyamwezi, wajukuu wa wale waliobeba pembe, na safari hii hata kibaba hakikuwa cha uhakika.

Meli ilikaa chini. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakastaajabu kuona mitambo ni mizima, grisi imefanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza maisha mapya kwa jina la Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia likitumiwa kwa upande wa kusini wa ziwa alipofika huko mwaka 1867. Kwa miongo mingi ilibeba watu, mahindi, mafuta ya mawese, na dagaa wakavu kwa magunia. Meli zilizozama aghalabu huwalisha wavuvi kwa kubaki chini. Hii iliwalisha kwa kupanda juu.

Mahali ilipolala panastahili neno zaidi, kwa ajili ya samaki. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini uhai wake umo katika tabaka la juu tu. Chini zaidi maji hayana hewa na hayana kiumbe cha mapezi. Samaki wake mashuhuri, migebuka na sangara wa maji wazi, kuhe wa pwani ya mchanga, na mamia ya aina ndogo ndogo za miambani ambazo hazipatikani popote duniani, wote wanaishi katika ukingo mwembamba huo. Aina za miambani ni watumwa wa miamba yao kuliko kolekole wa Pemba. Kipande cha mchanga cha kilomita chache huwatosha kuwa bahari isiyovukika. Lakini penye mdomo wa Malagarasi mtu hukutana na umma mwingine kabisa. Humo kuna samaki wa mto ambao ndugu zao hawako ziwani, wako ng'ambo, katika mito ya Kongo. Mmoja wao ni bunju. Msomaji wa pwani ameshasoma vizuri: bunju, yule yule mwenye kuvimba na mwenye sumu ambaye mama wa Kiswahili huwakanya watoto wasimguse ufukweni, ana jamaa yake mkubwa wa maji matamu, Tetraodon mbu, katika Malagarasi ya chini na katika Mto Kongo.

Maelezo ya wataalamu ni kwamba mto una umri mkubwa kuliko ziwa. Zamani za zamani, kabla ardhi haijapasuka, maji ya Malagarasi yalikwenda magharibi moja kwa moja, yakawa tawi la mito ya Kongo. Ufa ulipofunguka na ziwa kujaa ndani yake, mto ulikatwa vipande viwili, na samaki wa upande wa mashariki wakabaki peke yao na nasaba yao. Ziwa likazaa viumbe vyake vipya. Mto ukashika vya kale. Mvuvi wa Sagara anayemtoa samaki katika mgono wake, kwa hiyo, huenda anamshika mtu wa Kongo ambaye hajawahi kwenda Kongo. Wamanyema wa Tabora wangelielewa jambo hilo bila ya kufafanuliwa.

Mwaka 2000 Tanzania iliuweka vinamasi hivi, kwa jina la Malagarasi-Muyovozi, katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, navyo vilikuwa eneo la kwanza la nchi kuingia humo. Eneo lenyewe ni hekta 3,250,000, karibu mara 20 ya kisiwa cha Unguja. Ndani yake yumo korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mfano wa kiatu cha mti, ambaye watu hutoka mbali kumtazama. Wamo pia watu, na hapo pana mgogoro. Urambo, jirani wa Usinge, ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mpango wa karanga wa Waingereza uliokufa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya karanga ikaja tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Kuni zinazokausha jani ni zile zile zinazokausha samaki, na mabani ya tumbaku hula zaidi. Msitu ukifyekwa udongo hushuka. Vinamasi huuzuia kama chujio la mkuti, lakini chujio nalo hujaa. Kinachopita huenda hadi ziwani, kikatanda juu ya miamba, na samaki asiyeweza kuvuka mchanga hawezi pia kuhama tope.

Upande wa juu wa Sagara, katika Mto Ugalla, kwa miaka mingi wavuvi na warina asali waliruhusiwa kuingia katika pori la akiba kwa msimu na kwa kibali, kazi ambayo baba zao walikuwa wakiifanya bila ya karatasi. Mwaka 2019 sehemu ya nchi hiyo ilipandishwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na sheria ya hifadhi za taifa haina nafasi ya mgono wala mzinga wa nyuki. Wanaotetea hatua hiyo wanataja makokoro, nyavu zenye macho madogo, sumu na ujangili, na hawasemi uongo. Wanaoilalamikia wanasema kwamba uzio wa matete haukumaliza samaki katika miaka 1,500 ya chumvi ya Uvinza, nao pia hawasemi uongo. Ni rahisi kuipiga marufuku mikono yote kuliko kuitenganisha, na serikali karibu zote, tangu ya watemi, zimependelea lililo rahisi; tofauti ni kwamba Mzogera alitoza, hakufukuza.

Washairi wa pwani wameimba jahazi na tanga kwa karne nyingi, na meli zilizozama nazo zina waandishi wake, wapigambizi wake na makumbusho yake. Mgono wa Malagarasi haujapata beti nyingi. Umesukwa kwa fito na kamba za magome, hukaa majini miezi michache, kisha huoza. Mwezi wa Mei, maji yanapoanza kutoka katika nyasi, husukwa mwingine.